Jane Delano na Orodha ya Wauguzi wa Akiba



Kila mwaka kijitabu chetu cha mchango hutenga kurasa chache kusimulia maisha ya mtu aliyekwisha kufariki, ambaye kazi yake inahusiana na mradi tunaouchangia. Mwaka huu mchango ni wa zahanati, na hasa wa ile orodha ya wauguzi wa akiba iliyopitishwa kwenye mkutano mkuu. Kamati imeniomba niandike mimi, kwa kuwa nimevaa sare ya uuguzi mpaka nikastaafu nayo. Nimemchagua mwanamke wa Kimarekani, Jane Delano. Hakuwahi kukanyaga milima yetu ya Upare. Lakini swali lililotusumbua pale mkutanoni yeye alilijibu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na alilijibu kwa vitendo.

Kwa ambao hamkuwepo, swali lilikuwa hivi. Tuna watoto wa nyumbani wengi waliosomea uuguzi na ukunga, wengine wako kazini mijini, wengine wamestaafu. Tumekubaliana tuwaandikishe, kila mmoja aahidi muda fulani wa kuja kusaidia pale masika yakikata barabara, au kipindupindu kikiingia bondeni, au nesi wetu akienda likizo ya uzazi. Mzee mmoja akasimama akauliza, kwa heshima zote: jamani, tunachangia karatasi? Orodha ya majina inamtibu nani? Watu walicheka, na mimi nilicheka. Ila nilirudi nyumbani nikiwa bado nalifikiria swali lake, maana si swali la mjinga. Wazee wetu walipoita msaragambo, mbiu ilipolia kila mtu alikuwa tayari anajua jembe lake liko wapi na anatakiwa kusimama wapi mferejini. Hiyo nayo ilikuwa orodha, ila ilikaa vichwani. Wauguzi waliotawanyika toka Tunduma hadi Toronto hawawezi kukaa kichwani mwa mtu.

Jane Arminda Delano alizaliwa mwaka 1862 huko Townsend, sehemu ya mashamba katika jimbo la New York. Wakati huo Wamarekani walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, vita vilivyodumu toka 1861 hadi 1865. Baba yake alikwenda jeshini na hakurudi. Binti alikua akimjua baba kwa masimulizi tu. Katika vita vile askari waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa silaha: kuhara, homa ya matumbo, malaria, surua. Sitaki kusema kwamba mtoto alijua yote hayo na kuapa kuwa muuguzi, kama wasifu wengi upendavyo kutengeneza. Alisoma shule ya jirani, akafundisha watoto kwa muda, na kisha akaamua kwenda kusomea uuguzi mjini New York, kazi ambayo wakati ule familia nyingi za heshima hazikuipenda kwa mabinti zao.

Shule aliyokwenda ni ya hospitali ya Bellevue, hospitali ya umma ya maskini wa jiji. Ilianzishwa mwaka 1873 na ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza nchini mwao kufuata taratibu za Florence Nightingale. Kabla ya hapo, waliowahudumia wagonjwa Bellevue walikuwa watu wasio na mafunzo, baadhi yao wafungwa wa makosa madogo. Delano alihitimu mwaka 1886.

Miaka miwili baadaye homa ya manjano iliingia Jacksonville, mji wa bandari katika jimbo la Florida. Watu walikimbia kwa treni mpaka miji ya jirani ikaweka walinzi wenye bunduki kuzuia wasishuke. Barua zilizotoka Jacksonville zilitobolewatobolewa na kufukizwa moshi kabla ya kupelekwa, kwa hofu kwamba ugonjwa umo ndani ya bahasha. Hadi baridi ilipokuja mwishoni mwa mwaka, zaidi ya 400 walikuwa wamefariki. Huko ndiko Delano alikokwenda kusimamia wauguzi.

Madaktari wa siku zile waliamini homa ile inatokana na hewa chafu, au uchafu wa nguo na matandiko ya mgonjwa. Delano hakuwa na nadharia yake mwenyewe. Aliona tu kwamba mbu walikuwa wengi na wanawatesa wagonjwa wake, akaagiza vyandarua vifungwe madirishani na vitandani, na hakukubali ubishi katika hilo. Ilikuwa mwaka 1900, miaka 12 baadaye, ambapo tume ya madaktari wa jeshi la Marekani ikiongozwa na Walter Reed ilithibitisha nchini Kuba kwamba homa ya manjano hubebwa na mbu, jambo ambalo daktari wa Kikuba, Carlos Finlay, alikuwa amelisema tangu 1881 bila kusikilizwa. Majaribio ya mbu yaliendelea, na mwaka 1901 muuguzi kijana wa Kimarekani, Clara Maass, alijitolea kuumwa na mbu mjini Havana akafa, hata hajafikisha miaka 26. Nimekaa kidogo kwenye habari hii kwa sababu ndani yake naona tabia ya Delano yote. Hakungoja mtu amthibitishie. Aliona kero ya mgonjwa, akaiondoa, na bila kujua akawa ameondoa na ugonjwa.

Kutoka Florida alikwenda Bisbee, Arizona, kwenye machimbo ya shaba, kuuguza wachimbaji waliopatwa na homa ya matumbo. Kisha akawa metroni katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Akajaribu kusomea udaktari, akaacha. Akafanya kazi na wasichana waliofungwa katika shule ya marekebisho, na mwaka 1902 akarudi Bellevue kuiongoza shule iliyomlea. Ukiisoma haraka, safari hii inafanana na ya mtu asiyetulia. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameona wodi za mjini, mlipuko wa ugonjwa bandarini na kambi ya wachimbaji jangwani, na alijua kwamba muuguzi mzuri wa wodini si lazima awe mzuri hemani.

Sasa turudi nyuma kidogo, hadi 1898, maana hapo ndipo akili yake ilipoelekea kwenye akiba.

Mwaka huo Marekani iliingia vitani na Hispania. Vita vyenyewe vilikuwa vifupi, miezi michache tu. Jeshi liliandikisha vijana wengi upesi, likawarundika kwenye kambi za mafunzo nyumbani kwao Marekani, vyoo vikiwa vibovu na maji hayaaminiki. Homa ya matumbo ikawapata kwa maelfu hata kabla hawajapanda meli. Waliouawa na Wahispania walikuwa mamia. Waliouawa na maradhi walikuwa maelfu. Na jeshi halikuwa na wauguzi wanawake hata mmoja katika ajira yake ya kudumu. Wagonjwa walikuwa wakitunzwa na askari waliopangiwa zamu, na mara nyingi aliyepangiwa ni yule ambaye mkuu wake alitaka kumpunguza kwenye gwaride.

Ikabidi watafutwe wauguzi wa haraka. Daktari mwanamke, Anita Newcomb McGee, alipewa kazi ya kuchambua maelfu ya barua za maombi. Fikirini hali yenyewe: wagonjwa wanakufa, na mtu amekaa mezani anafungua bahasha moja moja akijaribu kujua nani kasoma kweli na nani anadanganya, nani ana nguvu na nani ni mgonjwa mwenyewe, nani anatafuta kazi na nani anatafuta mchumba. Zaidi ya wanawake 1,500 walichukuliwa kwa mikataba. Wengi walifanya kazi ya kutukuka. Ila walifika wamechelewa, na kuchelewa kwao hakukuwa kosa lao. Hakuna aliyekuwa na majina yao kabla. Delano wakati huo alijiunga na Msalaba Mwekundu mjini New York, akasaidia uandikishaji wa wauguzi, kwa hiyo fujo ile aliiona kwa ndani.

Mwaka 1901 sheria ilianzisha Kikosi cha Wauguzi wa Jeshi la Marekani, kikiwa kidogo sana. Sheria ilitaja pia wauguzi wa akiba, lakini waliojitokeza walikuwa wachache mno. Sababu haikuwa ukosefu wa uzalendo. Muuguzi aliyehitimu hakuona kwa nini aliandikie jeshi lisilomjua, lisilompa cheo, na ambalo huenda lisimkumbuke mpaka aote mvi.

Delano aliacha kazi Bellevue mwaka 1906 akaenda kumuuguza mama yake mpaka mama alipofariki mwaka 1908. Mwaka uliofuata alipewa mambo mawili kwa pamoja: aongoze Kikosi cha Wauguzi wa Jeshi, na awe mwenyekiti wa kamati ya taifa ya uuguzi ya Msalaba Mwekundu. Alikuwa pia anakiongoza chama cha wauguzi wa nchi nzima. Watu wengine wangesema kofia tatu ni nyingi kwa kichwa kimoja. Yeye aliona kwamba matatizo matatu ni tatizo moja. Jeshi lilihitaji wauguzi lakini halikuwajua. Chama kiliwajua lakini hakikuwa na jeshi wala fedha. Msalaba Mwekundu ulikuwa na jina na fedha. Akaviunganisha: Msalaba Mwekundu uandikishe, chama kichuje, na vita vikitokea wale walioandikishwa wawe akiba ya jeshi. Vita visipotokea, wawe akiba ya mafuriko, moto na magonjwa ya mlipuko.

Hapa naomba mnivumilie niwaeleze namna orodha ilivyofanya kazi, maana hapa ndipo tunapoweza kuiga, na ndipo kamati yetu itakapofaulu au kuanguka.

Kwanza, hakuandikishwa yeyote asiyesoma. Mwombaji alitakiwa awe amehitimu shule ya uuguzi ya hospitali, athibitishwe na shule yenyewe, na awe mwanachama wa chama cha wauguzi. Mabibi wakubwa wa mjini, wenye moyo na fedha, walitaka sana kuvaa sare. Delano aliwaheshimu lakini hakuwaingiza kwenye orodha. Kwao na kwa kina mama wa kawaida alianzisha masomo ya usafi na ya kumtunza mgonjwa nyumbani, na mwaka 1913 yeye na mwenzake Isabel McIsaac wakatoa kitabu cha masomo hayo. Lakini mwenye cheti cha kutunza mgonjwa nyumbani hakuitwa muuguzi. Uamuzi huo ulimletea maneno mengi, na hakurudi nyuma.

Pili, hakuchagua peke yake toka ofisini Washington. Kila jimbo na miji mikubwa ilikuwa na kamati ya wauguzi wenyewe, ambao walimfahamu mwombaji au waliwafahamu waliofanya naye kazi. Ukidanganya kwa mtu wa mbali utafaulu. Kwa mwenzako mliyepokezana zamu za usiku hutafaulu.

Tatu, kila aliyekubaliwa alipewa beji yenye namba yake. Beji haikuwa mali yake. Akijitoa au akifariki, ilitakiwa irudishwe. Inaonekana ni jambo dogo, lakini kwa beji ile muuguzi wa mji mdogo wa kilimo alijua kwamba kuna mahali jina lake limeandikwa na namba yake inajulikana. Na ofisi ilijua ni beji ngapi ziko nje.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, orodha ilipaliliwa. Wauguzi huhama, huolewa, huugua, huchoka. Waliandikiwa barua, wakatakiwa kutoa taarifa za anuani na afya. Kazi hii haina picha ya kupiga. Mimi mwenyewe nikiwa kazini niliwahi kuwekwa kwenye orodha ya dharura ya mahali fulani. Dharura ilipotokea, niliyempigia simu ndiye aliyeniambia kwamba jina langu limo, ila namba iliyoandikwa ni ya simu ya mezani niliyoiacha miaka sita kabla. Kwa hiyo mzee wetu aliyeuliza kama tunachangia karatasi nimjibu hivi: mchango wako unalipa mtu wa kupiga simu kila baada ya miezi mitatu, na nauli ya basi ya atakayeitwa.

Mwaka 1912 Delano aliacha cheo cha jeshini ili apate muda wote wa orodha. Msalaba Mwekundu haukumlipa mshahara. Aliishi kwa mali yake mwenyewe. Machi 1913 mafuriko makubwa yaliipiga Ohio, mji wa Dayton ukazama, na wauguzi wake wakapelekwa. Septemba 1914, Ulaya ikiwa imeshawaka moto na Marekani haijaingia, meli iliyopakwa rangi nyeupe na msalaba mwekundu ilitoka New York ikiwa na makundi ya madaktari na wauguzi. Wauguzi wake walisambazwa kwa pande zote zilizokuwa zinapigana: wengine Uingereza na Ufaransa, wengine Urusi na Serbia, wengine Ujerumani na Austria. Ilimbidi awachague watu ambao wangeweza kumfunga jeraha yeyote bila kumwuliza anatoka upande gani. Serbia ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ya homa ya chawa iliyoua watu wengi, wakiwamo madaktari na wauguzi.

Kisha ikaja Aprili 1917, Marekani ikatangaza vita. Kikosi cha wauguzi wa jeshi kilikuwa na wauguzi 403 kazini. Mia nne na tatu, kwa nchi inayokwenda kuandikisha mamilioni ya askari. Safari hii hakuna aliyefungua bahasha. Kwenye orodha ya Delano walikuwamo wauguzi wapatao 8,000, wamechujwa, namba zinajulikana. Na si majina tu: tangu 1916 Msalaba Mwekundu ulikuwa umeanza kupanga hospitali nzima nzima za akiba, kila moja ikitolewa na hospitali fulani ya kiraia, na madaktari na wauguzi wanaojuana tayari. Kundi la Cleveland, Ohio, lilisafiri Mei 1917 na kuwa kikosi cha kwanza cha jeshi la Marekani kufika Ulaya. Yaani kabla ya askari wa miguu hajafika, muuguzi alishafika. Mwezi mmoja na nusu tangu vita vitangazwe! Linganisheni na 1898.

Vita vilipokwisha Novemba 1918, kikosi kilikuwa na wauguzi zaidi ya 21,000, na karibu nusu yao walikuwa ng'ambo. Wengi mno walipita kwenye ofisi ya Delano. Walifanya kazi kwenye mahema ya matope, wakipokea vijana waliounguzwa mapafu na gesi. Hawakuwa na cheo cha kijeshi. Askari wa kawaida aliweza kukataa amri ya muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 20. Cheo chenyewe, tena cha nusu nusu, kilipatikana mwaka 1920.

Nikifika hapa siwezi kupita bila kutazama upande wetu. Vita vile vile vilipita chini ya milima yetu. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Smuts yaliteremka toka Moshi kufuata reli ya Tanga, milima ya Upare ikiwa mkono wa kushoto, yakiwasukuma Wajerumani. Pande zote mbili zilibebewa mizigo na watu wetu, wapagazi wa vichwani, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa. Hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, vichomi na njaa. Jina la Kariakoo, ambako wengi wenu mnanunua mahitaji, limetokana na kambi ya kikosi hicho cha wapagazi. Hakuna aliyekuwa na orodha ya wauguzi wa kuwaita kwa ajili yao. Mara nyingi hata majina yao wenyewe hayakuandikwa vizuri.

Na orodha ya Delano nayo ilikuwa na mlango uliofungwa, nami nisipousema nitakuwa nimewapamba watu uongo. Marekani ilikuwa na wauguzi weusi waliohitimu, waliokuwa na chama chao chini ya Adah Thoms, mwanamke shujaa aliyefanya kazi hospitali ya Lincoln mjini New York. Thoms alianza kumwandikia Delano mara tu vita vilipotangazwa, akitaka wauguzi wake waandikishwe kama wengine. Delano alikuwa tayari kuwapokea. Ofisi ya Daktari Mkuu wa Jeshi ikakataa kuwaita, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba hakuna malazi ya kuwatenga. Muuguzi ana cheti, wagonjwa wanamngoja, na kinachokosekana ni chumba cha kumtenga na wenzake!

Julai 1918 Frances Elliott akawa mweusi wa kwanza kupokelewa rasmi kama muuguzi wa Msalaba Mwekundu. Beji yake iliandikwa 1A. Herufi ile A haikuwa daraja la juu, ilikuwa alama ya rangi, na wauguzi weusi waliomfuata waliendelea kubandikwa hiyo hiyo kwa miaka mingi. Jeshi lilikubali kuwachukua wauguzi 18 weusi Desemba 1918, vita vikiwa vimekwisha, kwa sababu mafua makali yalikuwa yamewamaliza watu. Walipelekwa kambi za Sherman huko Ohio na Grant huko Illinois, wakilala jengo lao peke yao na kuhudumia askari wa rangi zote. Agosti 1919 walishaachishwa kazi. Delano angeweza kupigania zaidi? Wanahistoria wanatofautiana, na mimi nina maoni yangu: mtu aliyewabishia mabibi wa mjini kuhusu sare alikuwa na nguvu ya kuwabishia na majenerali kwa sauti kubwa zaidi. Nasema hivyo huku nikimheshimu. Kwetu kamati inatakiwa iangalie hilo mapema. Tusije tukaandika orodha ya ukoo fulani, dhehebu fulani au kata fulani, halafu siku ya tabu tukashangaa kwamba aliyekuwa jirani hakuitwa.

Mafua ya 1918 ndiyo yaliyoonyesha na upungufu mwingine. Wauguzi wengi hodari walikuwa wameshapelekwa vitani, na ugonjwa ulipoingia majumbani, miji ya Marekani ilibaki ikiomba hata wenye mafunzo ya nyumbani wajitokeze. Wale kina mama waliosoma kitabu cha Delano wakawa msaada mkubwa. Wauguzi wa jeshi zaidi ya 200 walikufa katika vita vile, na wengi wao waliuawa na mafua, si adui. Ugonjwa huo huo ulifika hata Afrika Mashariki mwishoni mwa 1918 na kuua watu wengi waliokuwa wameshadhoofishwa na vita na njaa.

Januari 1919 Delano alipanda meli kwenda Ufaransa. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini wauguzi wake wengi walikuwa bado huko, wamechoka, wengine wagonjwa, na alitaka kuwaona kwa macho yake na kupanga kazi zao za baadaye. Afya yake haikuwa nzuri. Alizunguka hospitali moja baada ya nyingine, na huko Savenay, karibu na bandari ya Saint-Nazaire, akapatwa na uvimbe wa usaha kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Siku hizi ugonjwa huo kwa kawaida hutulizwa kwa antibiotiki. Wakati ule ulihitaji kisu, na alipasuliwa zaidi ya mara moja. Alifariki tarehe 15 Aprili 1919, akiwa na umri wa miaka 57, katika hospitali ya jeshi, akiuguzwa na wauguzi waliotoka kwenye orodha yake. Akili yake mpaka mwisho ilikuwa kwenye kazi aliyoiacha bila kuimaliza. Jeshi lilimpa nishani yake ya utumishi uliotukuka baada ya kufa. Alizikwa hapo Savenay, na mwaka 1920 mwili wake ukahamishiwa makaburi ya taifa ya Arlington, sehemu ya wauguzi.

Hakuolewa na hakuacha mtoto. Katika wosia wake aliacha fedha, pamoja na mapato ya kile kitabu cha masomo ya nyumbani, zitumike kuajiri wauguzi wa kutembelea sehemu za mbali zisizofikika, kwa kumbukumbu ya baba na mama yake. Waliitwa wauguzi wa Delano. Walikwenda visiwani, milimani na vijiji vya barafu, kwa mashua, kwa farasi na kwa miguu, kuzalisha kina mama na kuchanja watoto. Kitabu kilivyouzwa ndivyo muuguzi alivyolipwa.

Ndugu zangu, fomu ya kujiandikisha iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Andika jina kamili, chuo ulichosoma, namba yako ya usajili kwenye baraza la wauguzi, namba mbili za simu (ya pili iwe ya mtu anayejua ulipo), na miezi ambayo huwezi kabisa kuja. Wastaafu tunakaribishwa, ila tuseme ukweli kuhusu magoti yetu na mlima ule. Wasio wauguzi mnaombwa mchango wa nauli na wa kitanda cha kulala mgeni pale zahanatini. Mtunza hazina anapokea, na risiti hutolewa papo hapo. Yule mzee wetu wa swali la karatasi ameshanipigia simu. Ana wajukuu wawili wanaosoma uuguzi, na anataka kujua kama wanaweza kuandikwa kabla hawajahitimu. Nimemwambia tuwangoje wamalize.